Rambu Yiwa Hapandi Pikipiki

Watu waliotoka mbali kuja kuyatazama maporomoko ya Wai Kanabu, Rambu Yiwa alikuwa na neno moja tu kwao: wajinga. Maji yanatoka juu, yanakwenda chini. Kuna nini hapo? Alipokuwa msichana aliosha matumbo ya nyati katika maji hayo hayo, na hakuna aliyemjia na kamera. Siku hizi mtu anaacha nyumba yake Jakarta, anapanda ndege mpaka Sumba, anatikiswa garini nusu siku nzima, anashushwa pale Kataka lami inapoishia, na swali lake la kwanza ni kama choo kipo. Wajinga, na bado wana pesa. Hapo Rambu Yiwa aliona mababu walipitiwa na usingizi.

Asubuhi hiyo naye alikuwa ameketi Kataka, kwenye benchi la kibanda cha kahawa, katikati ya wajinga hao hao, akitafuta usafiri wa kwenda huko huko. Lakini yeye hakwenda kutazama maji. Kijiji alichozaliwa, Parailuku, kiko juu kabisa ya maporomoko, na kaka yake, Umbu Tunggu, alikuwa anazikwa siku hiyo.

Jambo lililompeleka lilikuwa moja. Kwenye kikapu kidogo alichokipakata alikuwa na tambuu aliyoitengeneza kwa mkono wake: popoo, jani na chokaa. Sisi wa huku, ndugu wawili wakinuniana na mmoja akafa, aliyebaki humtia tambuu mkononi kabla jiwe halijafunika kaburi, akamwambia yameisha. Basi yanaisha. Jiwe likishakaa hakuna wa kuambiwa tena, na aliyebaki hubaki na ugomvi wake peke yake mpaka naye afe. Jiwe lenyewe hushushwa jua likishageuka kwenda magharibi.

Ugomvi ulianzia kwenye msiba wa mama yao. Mwanamke aliyeolewa mbali hurudi kwao msibani juu ya farasi, mtu wa ukoo wa mume ameshika hatamu, na langoni patu za shaba hupigwa ili kijiji kijue nani amefika. Mwaka ule farasi wa Rambu Yiwa alivunjika mguu njiani, akaja kwa miguu, vumbi mpaka magotini. Umbu Tunggu akainua mkono, akawanyamazisha wapiga patu. "Huyu hajafika," alisema mbele ya watu wote, "huyu amepotea njia tu." Watu wakacheka. Rambu Yiwa aligeuka pale pale langoni bila kumwona mama yake. Akaapa kwamba Parailuku hataingia tena ila juu ya farasi dume, na patu zipigwe mpaka wapigaji waombe maji.

Kiapo kama hicho ni rahisi kukitimiza ukiwa na farasi. Yeye hakuwa naye. Wa mwisho katika nyumba yao alitolewa kwenye mahari ya mke wa Kahi, mwanawe wa pekee, mtu mzima mwenye kitambi na kazi ya ofisini ambaye sasa alikuwa amesimama kando ya benchi akiitazama simu yake. Kataka hakuna mtandao, lakini Kahi alikuwa anaitazama hivyo hivyo.

Kutoka Kataka njia ni mbili. Ya farasi inapita juu ya vilima, ni ndefu, inakufikisha mpaka lango la Parailuku. Ya pili inafuata mto: landrova inaishia kivukoni, pikipiki inavuka na kufika chini ya maporomoko, na hapo unapanda ngazi za saruji ambazo serikali imewajengea watalii. Kwa miguu pia inawezekana, kwa mwenye miguu. Ya Rambu Yiwa ilikwishastaafu.

"Rambu, twende zetu," alisema Melki, dereva wa pikipiki, jibaba la makamo lenye ndala mguuni, tumbo limelalia tangi la mafuta, akimwita kwa cheo cha mabibi wa ukoo mkubwa. "Nakufikisha chini ya maporomoko kahawa yako haijapoa."

"Kahawa yangu imeshapoa. Imepoa kwa kukutazama wewe."

Madereva wenzake wakaangua kicheko. Melki naye akacheka. Alikuwa mmoja wa wale watu wasiojua wanapotukanwa, au wanaojua na hawajali, na Rambu Yiwa aliwadharau wote sawasawa.

"Nataka kukusaidia tu, Bibi. Nimesikia kuna msiba."

"Umesikia kuna msiba, ukaniletea hicho kinachokohoa? Hicho kina jina?"

"Jina? Hii ni pikipiki tu."

"Farasi wa babu yangu alikuwa na jina, na babu aliitwa kwa jina hilo hilo, kwa heshima, hakuna aliyethubutu kutaja jina lake mwenyewe. Sasa wewe tukuite nani? Bwana Petroli?"

"Niite hata Bwana Moshi, Bibi. Muhimu ufike."

"Mama," alisema Kahi kwa sauti ya chini, "si mbaya kufikiria. Farasi wa Umbu Ndawa hajaonekana mpaka sasa."

"Atakuja. Ameahidi."

"Basi nitangulie kwa miguu, niwaambie wakusubiri."

"Na hatamu atashika nani? Huyu Bwana Moshi?"

Kahi akarudi kwenye simu yake. Rambu Yiwa alimtazama ubavuni akajiuliza, si kwa mara ya kwanza, ni vipi alimzaa mtu ambaye hata kubishana hawezi.

Ikaja landrova ya Gerson, ambayo ilikuwa ya kijani kabla kutu haijaamua rangi nyingine. Nyuma walijaa wageni kutoka Surabaya, wanaume kwa wanawake, wamevaa vikaptula ambavyo kwa Rambu Yiwa vilikuwa chupi. Gerson aliteremka, akainama kwa adabu.

"Rambu, kiti cha mbele ni chako. Sitaki chochote. Nakuacha kivukoni, watu wa pikipiki watakuvusha."

"Na hao nyuma?"

"Wageni tu. Hawana neno."

Msichana mmoja wa nyuma alikuwa ameshainua simu, anailenga kwenye mdomo wa Rambu Yiwa uliokuwa mwekundu kwa tambuu. Akamwuliza Gerson kitu, naye Gerson akajikuna kichwa.

"Anauliza, Rambu, kama anaweza kupiga picha na wewe."

"Mwambie akayapige picha maji. Maji hayajui kukataa."

"Kwa hiyo kiti…"

"Gerson, mimi nakwenda kumzika ndugu yangu. Sikodishwi kwa maonyesho. Ondoa bati lako hapa, unanizibia njia ya farasi."

Landrova ikaondoka na vumbi lake, wale wa nyuma wakishangilia kila shimo. Jua lilikuwa bado upande wa asubuhi, Rambu Yiwa akaagiza kahawa ya pili, na hakuinywa.

Umbu Ndawa alipotokea, alitokea anatabasamu, na hapo Rambu Yiwa akajua kuna uongo unakuja. Baba yake Umbu Ndawa alikuwa na farasi wengi kiasi kwamba wengine aliwaona mara moja tu kwa mwaka. Mtoto anawakodisha kwa watu wasiojua farasi anaanzia upande gani. Kwa siku hiyo aliahidi dume wake mweusi, yule wa mbio. Lakini alichokuwa anakivuta kwa kamba kilikuwa kijivu, kipole, kina tandiko la rangi ya waridi lililoshonewa maua ya plastiki, na shingoni kengele ndogo ndogo zinazolia kila hatua. Kwenye kipande cha kitambaa pajini pameandikwa Bella.

"Dume mweusi yuko wapi?" aliuliza Rambu Yiwa.

"Dada yangu, we acha tu. Alfajiri amenijia bwana mmoja mkubwa wa benki. Kampanda, sasa hataki kushuka. Anasema hajawahi kusikia raha kama hii."

"Na huyu?"

"Huyu ni Bella."

"Sijauliza anaitwaje. Huyu ni jike."

"Ni jike, sikatai. Lakini anakwenda."

"Hata mbuzi anakwenda, Ndawa."

Usiniulize kwa nini hatupandi majike. Jike ni wa malisho na wa kuzaa, anayempanda amekosa dume, na aliyekosa dume kwa nini asikae nyumbani? Hivyo ndivyo tunavyosema tangu zamani, na hakuna hata mmoja wetu anayeweza kukueleza zaidi ya hapo. Ujinga huu ni wetu wote na tunatembea nao kifua mbele.

"Dada," alisema Umbu Ndawa, na tabasamu likamtoka, "nisikilize. Ukipanda sasa hivi unafika jua halijageuka. Nakuapia. Kengele nazivua, maua tunafunika na shuka."

Alikuwa anasema kweli, pengine kwa mara ya kwanza mwaka ule. Bella alijua njia ile hata akifumba macho. Kahi alikuwa ameshashika hatamu.

"Niingie lango la baba yangu juu ya jike wa watalii?" Rambu Yiwa alisema kwa sauti ambayo kibanda kizima kiliisikia. "Nimekalia maua ya plastiki? Wanicheke mara ya pili? Achia hiyo kamba, Kahi, usinitie aibu. Na wewe Ndawa, baba yako aliacha wana watatu, wawili wakafa. Mizimu nayo ikichagua haina macho."

Umbu Ndawa akamgeuza Bella, na muda si mrefu mwanamke mwenye kofia ya majani alikuwa juu ya maua yale, anapiga kelele za furaha na kuelekea vilimani.

Rambu Yiwa alibaki kwenye benchi lake. Kivuli cha kibanda kikasogea, kikampita, jua likaanza kumwangukia utosini. Kahi alimletea wali na samaki mkavu, hakugusa. Waliokuwa wa kwanza kurudi kwa farasi wakaleta habari kwamba bwana wa benki amependa mandhari, ameamua kula chakula chake cha mchana kule kule kilimani, na dume mweusi amefungwa kwenye mti.

Rambu Yiwa alikitazama kikapu chake. Alikuwa na hofu, na hofu ilikuwa kitu asichokizoea, kwa hiyo ilimtoka kama hasira. Akasimama.

"Melki."

"Naam, Rambu."

"Kile kinachokohoa bado kina pumzi?"

"Kinayo, Bibi. Panda."

"Na mimi, Mama?" aliuliza Kahi.

"Wewe tembea. Akishakaa huyu, hicho kiti hata mimi nakikalia kwa huruma."

Melki alimvalisha kofia ngumu yenye kioo cha mbele, maana kuna mawe yanayorushwa na matairi. Halafu akatoa kwenye begi koti la mvua la plastiki, la manjano, lile wanalopewa watalii wote kivukoni. Rambu Yiwa alitaka kumtupia usoni. Lakini chini alikuwa amevaa kitambaa cha msiba alichokifuma mwenyewe miezi mingi, na maji ya kivukoni ni ya tope. Akalivaa.

Njia nzima alimtukana. Alimtukana kwenye kona, akamtukana kwenye mashimo, akamtukania ndala, akamtukania jasho. Melki aliendesha vizuri, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Mara moja tu alifungua mdomo.

"Bibi, huyo kaka yako alikuwa mtu wa namna gani?"

Rambu Yiwa alimjibu wakiwa kwenye mteremko wa mwisho. "Alikuwa na majivuno," alisema. "Majivuno ya kipumbavu."

"Pole sana, Bibi," alisema Melki.

Kivukoni mtu akiinua macho anaiona Parailuku yote pale juu: mapaa marefu ya nyasi yaliyochongoka, makaburi ya mawe mbele yake, na ukingo wa mwamba ambapo maji huanza kuanguka. Watu walikuwa wamejaa ukingoni. Rambu Yiwa aliwaona wadogo wadogo, weusi kwa nguo za msiba, na moyo wake ukaruka. Jiwe lilikuwa bado, maana kama lingekuwa tayari wangekuwa wameshakaa kula. Katikati ya mto, maji yakipiga magurudumu, akainua mkono akapunga. Akapunga tena, kwa nguvu, mpaka Melki akayumba.

Na kule juu wakapunga. Kwanza mmoja, kisha wote.

"Wameniona," alisema Rambu Yiwa. Alimpiga Melki begani. "Melki! Wameniona! Watanisubiri."

"Nimekwambia utafika, Bibi."

"Basi punguza mwendo. Unanirushia tope."

Hapo, kwa mara ya kwanza siku hiyo, hakumdharau mtu yeyote. Hata maporomoko, yalipotokea nyuma ya kona na kuwamwagia ubaridi, aliyatazama bila chuki. Wageni wa Surabaya walikuwa wamejaa kwenye mawe, migongo kwa maji, nyuso kwa simu. Watu wanasafiri kisiwa kizima kuja kuyapa maji mgongo, akawaza, lakini akawaza kwa upole.

Kwenye kibanda cha tiketi palikuwa na kijana mwenye sare. "Mtalii wa ndani au wa nje?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Wa wapi?"

"Wa ndani au wa nje, Bibi? Bei ni tofauti."

Upole ukaisha. Rambu Yiwa aliinua kioo cha kofia. "Mimi nimezaliwa hapo juu. Maji haya nimeyanywa mama yako hajazaliwa. Unajua unaongea na nani?"

"Kila mtu anasema hivyo, Bibi. Juzi kuna mmoja kutoka Bali alisema kazaliwa hapo juu."

"Twende, Bibi," alisema Melki. "Nitamlipa mimi."

"Humlipi! Wananisubiri, nina wakati. Kwanza huyu ajue." Na akaanza kumtajia ukoo, babu wa babu, farasi aliyempa babu jina, nyati waliochinjwa kwenye maziko ya nani na nani, na kila alipofika mahali kijana akafumbua mdomo, alirudi nyuma kizazi kimoja. Kijana akaomba radhi. Rambu Yiwa hakuridhika, akamtaka aombe tena akiwa amesimama. Melki alikuwa anatazama jua.

Kisha zikaja ngazi. Za saruji, zenye vyuma vya kushika pembeni, na kila mahali pa kupumzikia kibao cha kueleza uzuri wa pale kwa watu wasiokuwa na macho. Rambu Yiwa alipanda, akakaa, akapanda, akakaa. Aliomba maji. Alimwambia Melki asimharakishe, watu wa Parailuku wana adabu, wakishamwona mtu wamemwona. Alikuwa anayapanga maneno. Hakutaka kusema mengi, angemtia kaka yake tambuu mkononi, pale kwenye mikunjo ya vitambaa walivyomfunga, amwambie yameisha, na kwamba yule farasi kweli alivunjika mguu. Hilo la farasi alikuwa hajawahi kumwambia. Hakupewa nafasi.

Walikuwa wamebakiza kipande cha mwisho, kilicho kikali, patu ziliposikika.

Haukuwa mpigo wa kumpokea mtu. Ule ni wa haraka, hata mtoto anaucheza. Huu ulikuwa wa polepole, pigo moja, kimya kirefu, pigo jingine. Ni mpigo wa kamba zikivutwa, wanaume wengi kwa pamoja, jiwe likiteremka.

"Hapana," alisema Rambu Yiwa. Akamshika Melki shati. "Hapana, hapana. Wameniona. Melki, nibebe."

Melki akapiga goti, akamweka mgongoni, akapanda. Yule jibaba wa ndala alizipanda ngazi zile mbili mbili, anahema kwa sauti, koti la manjano linapepea pande zote mbili za masikio yake, na juu ya mgongo wake bibi wa ukoo mkubwa anapiga kelele, "Ngojeni! Ngojeni, nimefika!" Lakini waliokuwa karibu ni watalii, na ukingoni maji yana kelele zake. Mmoja alijibanza ukutani kuwapisha, akawapiga picha.

Walipoingia langoni, patu zilikuwa zimenyamaza. Jiwe lilikuwa limekaa. Wanaume walikuwa wanapuliza viganja vilivyochunwa na kamba, na wanawake wameanza kugawa wali.

Rambu Babang, mjane wa Umbu Tunggu, alitoka katikati ya watu akaja anakimbia. "Wifi? Wifi Yiwa! Umepitia wapi? Farasi wako yuko wapi?"

"Sina farasi," alisema Rambu Yiwa, na Melki akamteremsha taratibu.

Watu wakasogea. Hakuna aliyecheka. Mpiga patu mmoja aliinua fimbo yake nusu, akawatazama wenzake, akaishusha.

"Tulikusubiri, wifi," alisema Rambu Babang huku analia. "Mwenyewe aliagiza kabla hajakata kauli. Alisema, Yiwa atakuja, namjua, na hawezi kuja ila kwa farasi. Msishushe jiwe mpaka mumwone farasi wake kule kilimani, na patu mzianze akiwa bado mbali, azisikie. Vijana wamekaa ukingoni tangu asubuhi, macho kwenye njia ya farasi. Kila farasi aliyepita alikuwa na mtalii. Jua likageuka, tukaongeza muda. Tukaongeza tena. Wazee wakasema haiwezekani zaidi ya hapo."

"Lakini mliniona. Kivukoni. Nilipunga mkono, mkanipungia."

Rambu Babang alilitazama lile koti la manjano, akaitazama kofia ngumu iliyokuwa inaning'inia kwenye mkono wa wifi yake. Akaziba mdomo kwa kiganja.

"Yule ulikuwa wewe?" alisema. "Wifi, wale huwa tunawapungia tu. Watalii. Wanapenda. Mtu alisema, oneni ajuza naye kaja kutazama maji. Tukacheka."

"Kaburi lilikuwa wazi wakati ule?"

"Kaa kwanza, wifi. Upate maji ya kunywa."

"Babang, nakuuliza. Lilikuwa wazi?"

"Lilikuwa wazi."

Rambu Yiwa alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyetajiwa bei. Kisha akafungua kikapu, akatoa tambuu, akaenda mpaka kwenye kaburi. Rambu Babang alimfuata, akamwambia taratibu aiweke juu ya jiwe, mababu wataelewa.

"Juu wataila kuku," alisema Rambu Yiwa.

Akainama. Akapitisha kidole pale jiwe linapokutana na ukuta wa kaburi, akitafuta mwanya wa kupenyeza tambuu. Watu wa Parailuku wanajua kuchonga jiwe, hata ukucha hauingii. Akajaribu upande wa kichwani, akajaribu ubavuni, akazunguka upande wa pili na koti lake la manjano, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia aache.